Sugu za Marcelina

Marcelina binti Nikodemu, wa Buzebazeba pale Kigoma, alikuwa na mabega ambayo wanaume wengi, hata wewe unayejipima kwenye kioo kila asubuhi, wangeyaomba kwa magoti. Hakuzaliwa nayo. Aliyatengeneza mwenyewe nyuma ya choo cha nyumbani, kwa bomba la maji na makopo mawili ya mafuta ya msaada, yale wakimbizi waliyokuwa wakiyauza sokoni. Makopo aliyajaza saruji, akayachomeka kila ncha ya bomba. Kila asubuhi bomba begani, chini, juu, chini, juu, mpaka ngozi ikaota sugu mbili, kulia na kushoto kwa shingo.

Alikuwa na sababu. Mwalimu Sia, mama wa Kichaga aliyehamishiwa Kigoma kufundisha sekondari, alimwona siku moja akirusha gunia la dagaa juu ya lori kama mtu anayerusha mto kitandani. Akampa tufe, kile chuma cha kilo nne, akamwambia, "Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunachagua wawili wa mkoa. Watapanda treni kwenda Dar es Salaam, mashindano ya taifa. Njoo na mkono huo."

Nyumbani hawakutaka kusikia. Mzee Nikodemu, fundi cherehani, alisema hajawahi kushona shela ya harusi ya bondia na hana mpango wa kuanza. Kaka mtu, Meshack, mchukuzi wa mizigo pale mwalo wa Kibirizi, boti zinapoegesha, hakuwa na maneno. Yeye alipiga. Alipiga kwa mkanda, akapiga kwa kafi la mtumbwi mpaka kafi likapasuka, na Marcelina amesimama tu, mikono kifuani. Angetaka angemkunja Meshack kama jamvi akamweka kona. Lakini Mwalimu Sia alishasema: mgomvi hapandi treni yangu.

"Lia basi," Meshack alisema, anahema.

"Umechoka, kaka? Pumzika, utaendelea."

Siku tatu kabla ya Jumamosi yenyewe, mzee akampeleka kwa shangazi yake Brigita, Mwamgongo, huko kaskazini mwa Gombe ambako huendi wala hurudi ila kwa boti. Akaanike dagaa wiki mbili, akili zirudi. Shangazi akamvisha gauni lake la mikono mirefu. Mishono ikaachia siku hiyo hiyo.

"Mwanangu," shangazi alisema akilitazama kwapa lililo wazi, "mume akija kukukumbatia si utamvunja mbavu?"

"Atazoea, shangazi. Atahema kidogo kidogo."

Jumamosi alfajiri akatoroka. Akapanda boti ya kwanza, amejitanda khanga mbili za shangazi.

Sasa wiki ile ilikuwa mbaya. Ni mwaka wa tisini na saba, vita ng'ambo inawamwaga watu ufukweni kila siku, na pamoja nao, watu walisema, askari walioshindwa, wengine wamejivisha nguo za kike. Jumatano majambazi wenye bunduki waliisimamisha boti moja ziwani, wakaua abiria wawili, wakawatupa majini; miili iliopolewa Ijumaa. Tangu hapo walinzi wa mwalo, vijana wa mtaa wenye marungu, wakawa wanamfunua mabega kila anayeshuka, wanatafuta alama ya mkanda wa bunduki. Mwenye sugu ni askari. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yao yote, na walihitimu wote.

Boti ilipogusa mchanga wa Kibirizi, mlinzi mmoja, Pastory, akavuta khanga ya Marcelina.

"Hii nini?"

"Bomba."

"Bomba la nini?"

"La maji."

Watu wakacheka, kicheko cha watu ambao jana wametoka kuzika.

"Nanyanyua vyuma," akasema. "Mimi wa hapa hapa Buzebazeba, binti wa Nikodemu fundi." Hofu ikamvuruga, maneno yaliyofuata yakamtoka kwa Kiha, na ndipo alipojimaliza. Kiha na Kirundi wamenyonya titi moja; masikio ya siku ile yakasikia yalichotaka, askari wa ng'ambo.

Meshack alikuwepo. Amesimama hatua kumi, gunia mgongoni.

"Kaka, waambie."

Pastory akageuka. "Meshack, unamjua huyu?"

Meshack akamtazama dada yake, akatazama jua limefika wapi. Akalitua gunia.

"Simjui."

Hesabu zake, alizokuja kuzikiri baadaye, zilikuwa fupi: watamfungia kwenye kibanda cha walinzi, saa sita uchaguzi utakuwa umepita, yeye aje amtoe. Hakuwaweka kwenye hesabu ndugu za wale wawili waliotupwa majini, waliokuwa wamesimama pale pale na mawe mkononi.

Jiwe la kwanza lilimpata Marcelina sikioni. La pili mgongoni. Rungu la Pastory likashuka. Akalikinga kwa mkono wa kulia, vidole viwili vikavunjika, akavisikia kabla havijauma. Hapo treni ya Mwalimu Sia ikamtoka kichwani. Alimshika Pastory kwa kola na mkanda, akamwinua, akamtupa, naye akatua kwenye ubavu wa boti, meno yakitangulia. Wa pili alikula kiwiko cha pua. Wa tatu akakanyagwa goti, likageukia upande ambao goti halina kazi nao. Mpaka leo ukiwauliza wanaume wale watakuapia waliangukiwa na boti. Usiwabishie, ni wazee sasa.

Lakini walikuwa arobaini. Wakamwangusha, na makafi yakaanza kushuka juu yake kama wanatwanga mihogo.

Kisha kitu kizito kikamwangukia mgongoni na makafi yakawa hayamfikii. "Dada yangu huyu," sauti ilikuwa ikisema. "Dada yangu, tumbo moja. Nipigeni mimi." Kafi lililokuwa njiani halikuweza kurudi. Likampasua Meshack utosi.

Wakasimama. Meshack walimjua wote.

"Si ulisema humjui?" Pastory aliuliza, mdomo umejaa damu.

Meshack alikuwa amezimia. Marcelina akainuka, akamtupia begani, juu ya sugu zile zile, akaanza kupanda kutoka Kibirizi kuelekea hospitali. Umati ukampisha. Hakuna aliyejitolea kumsaidia kubeba, na nadhani hakuna aliyethubutu.

Alipozinduka, anashonwa, Meshack alisema kwa sauti ndogo, "Nilitaka wakushike mpaka saa sita tu, dada."

"Saa sita ungekuwa unanizika."

Muuguzi akataka kumfunga vidole. Marcelina alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa nne, akatoka.

Uwanjani Mwalimu Sia alimtazama sikio, akatazama mkono.

"Umepigana."

"Nimepigwa, mwalimu. Baadaye ndiyo nikapigana."

Mwalimu akamwokotea tufe. "Mitupo mitatu. Ingia kwenye duara."

Wa kwanza tufe lilimponyoka likaanguka karibu na miguu yake, wasichana wa Kasulu waliokuja kushindana wakaziba midomo kwa kucheka. Wa pili ulifika mbali kiasi, lakini ulimtoa machozi ambayo kafi la Meshack halikuwahi kuyatoa. Alipoinua uso, baba yake alikuwa amesimama pembeni ya duara, shati lina damu ya Meshack.

"Baba, usinivute mkono huu. Nitapiga kelele."

Mzee Nikodemu aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, kama kitambaa ambacho hajui akate wapi.

"Umebakiza mingapi?"

"Mmoja."

"Basi tupa, nikupeleke ukafungwe vidole."

Akaliweka tufe shingoni, akainama, akajizungusha, akalisukuma kwa bega na kwa yowe lililowafukuza kunguru wote wa uwanja. Lilitua shubiri moja mbele ya kigingi cha msichana wa Kasulu aliyekuwa ameshika nafasi ya pili. Mwalimu Sia alipima mara mbili, akaandika jina la Marcelina.