Malkia77 Anakualika

Mama Pasi hakuwa mtu wa kudanganywa, na kama ulikuwa hulijui hilo, ungelijua siku ya kwanza unayompelekea nguo. Duka lake la udobi lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, pasi mbili, kamba sita za kuanikia kwa nyuma, na ubao wa misumari ulioning'inizwa vibandiko vya namba. Ukimpa suruali, kabla hamjamaliza kujuliana hali ameshaingiza mkono mfukoni. Humo alikuta funguo, tiketi, barua, meno ya bandia mara moja, na pete za ndoa zilizovuliwa mahali ambapo hazikupaswa kuvuliwa. Kila kitu alikitia kwenye bahasha yenye namba ya mteja, akakirudisha bila neno, ila jicho alilokutupia lilitosha kukufanya uanze kujieleza mwenyewe.

Miaka ishirini na saba ya kazi hiyo ilimpa kanuni moja, naye aliishika kama amri: kitu kikikutwa mfukoni, ni cha mwenye suruali. Zile habari za nimewekewa, nimeazima, nimemshikia rafiki yangu, alizisikia zote na akazicheka zote.

Sasa mtu wa namna hiyo hawezi kuiacha kazi mlangoni akirudi nyumbani. Mumewe alikaguliwa. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikaguliwa tangu yuko shule: mkoba, madaftari, mpaka soksi. Tusimwonee mama wa watu. Binti alikuwa na siri zake, lakini ni mtoto gani hana? Ubaya ni kwamba Mama Pasi hakujua kuona kitu akanyamaza. Akiona anauliza. Akijibiwa, anauliza jibu limetoka wapi.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, na barabarani walimwita Breki kwa jinsi alivyokuwa mwoga wa mwendo. Mgongo ulipomgomea akastaafu kabla ya siku zake, akawa mtu wa kochi. Binti naye, kabla hajaondoka kwenda nchi ya mbali kufanya kazi katika kiwanda cha chupa, aliwaachia mashine yake ya gemu, dude jeusi lenye pedi mbili za kushika mkononi. Akaliunganisha na televisheni na intaneti, akamkalisha baba yake chini akamwelekeza. Humu unacheza mpira. Humu unatazama video za mtandaoni. Na rafiki yako akiwa kwake, na yeye ana mashine kama hii, mnaweza kutazama video moja kwa wakati mmoja huku mnaongea, kama mmekaa sebule moja. Mama Pasi alikuwa pale pale anakunja mashuka na hakusikia hata nusu. Kwake gemu ni gemu, mambo ya kitoto, na mambo ya kitoto hayana haja ya kukaguliwa.

Kwa mwaka mzima Breki alitazama malori. Malori yanayopanda milima, malori yaliyokwama kwenye tope, mafundi wanaofumua injini na kuzirudisha. Mkewe akipita na beseni anamwona kakodoa macho, mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo. Hakuna ubaya hapo.

Ubaya ulianza siku alipomkuta amevaa hedifoni. Ilikuwa adhuhuri, Mama Pasi amerudi kuchukua wanga wa kutilia kola, na kabla hajafungua mlango akamsikia mumewe anacheka. Si kicheko cha malori. Kilikuwa kicheko laini, cha mtu anayembembeleza mtu.

"Amelala?" Breki alikuwa anasema. "Basi mwache alale, usimguse."

Akageuka, akamwona mkewe, hedifoni zikatoka kichwani kama zimeshika moto.

"Nani kalala?" Mama Pasi akauliza.

"Kipa," Breki akasema. "Kipa wetu. Kalala golini, tumefungwa."

Kwenye televisheni hapakuwa na mpira wala goli. Palikuwa na kioo cheusi tu, kwa sababu bwana alishakizima. Mama Pasi alichukua wanga wake akaondoka, na njia nzima hakumjibu mtu salamu.

Jirani yake wa barazani alikuwa mwanamke fundi cherehani, mtu wa kusikiliza huku mguu unapiga pedali. Mama Pasi alimweleza yote.

"Mwanaume mzima wa miaka sitini na mbili, masikio yamezibwa, anachekacheka. Anacheka na nani, shoga yangu?"

"Si amekwambia ni mpira?"

"Mpira gani unaoambiwa mwache alale?"

Fundi akasimamisha mguu, akakata uzi kwa meno. "Simu yake umeangalia?"

"Kila siku. Safi kama sahani ya mgeni."

"Hapo ndipo pabaya. Simu ya mwanaume haiwi safi hivyo bure. Ukiona hivyo, ujue mambo yamehamishiwa kwingine."

Neno hilo lilimkaa Mama Pasi kama mwiba. Siku hiyo aliunguza kola ya daktari, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea tangu afungue duka.

Jumanne asubuhi, Breki akiwa bafuni, mkewe aliketi kwenye kochi na kwa mara ya kwanza akashika pedi na kubonyeza kitufe cha katikati kama alivyomwona mumewe akifanya. Televisheni ikawaka. Ikaja orodha ya video zilizotazamwa karibuni, kila moja na kijipicha chake, na Mama Pasi akazisoma moja moja kwa kidole hewani. Kumwogesha mtoto wa wiki tatu. Kwa nini mtoto mchanga analia jioni. Kumcheulisha mtoto, hatua kwa hatua. Hakukuwa na lori hata moja. Na chini, kwenye kona, paliandikwa rafiki wa mwisho aliyetazama naye: Malkia77.

Malkia! Sasa mambo yote yalikaa sawa, kicheko, hedifoni, yule aliyelala asiguswe. Breki ana mtoto nje. Kichanga cha wiki tatu, na huyo Malkia wake anamfundisha kukiogesha kwenye televisheni ya nyumbani kwake, juu ya kochi alilolifumia vitambaa kwa mikono yake.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa cha zamani. Baada ya binti, alibeba mimba mbili nyingine na zote zikatoka. Alilia mpaka akakauka, na Breki wakati ule alimshika mkono akamwambia mmoja anatutosha, tena huyu ni wa kutosha sana. Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua kitandani, na kwa miaka yote aliyaamini. Kumbe bwana hakutosheka, alikuwa anangoja tu.

Kwenye chai akamtega. "Breki, hivi wewe ungependa tena mtoto?"

Chai ilimpalia mzee, akakohoa mpaka machozi. "Mtoto? Mtoto wa nini tena?" akasema, na jicho likakimbilia kwenye televisheni.

Kwa Mama Pasi huo ulikuwa ushahidi, lakini hakugomba. Alitaka amkamate huyo Malkia kwa sauti yake, amwambie la kumwambia, kisha ndoa ya miaka thelathini na minne aifunge mwenyewe kwa mkono wake. Nguo za Breki alishazipiga pasi, akazikunja vizuri, akazitia kwenye begi. Hata kwa hasira hakuweza kukunja vibaya.

Alhamisi ndiyo siku ya Breki kwenda kliniki kunyooshwa mgongo. Alipotoka tu, Mama Pasi alifunga duka, jambo lililomfanya fundi cherehani achungulie mara mbili, akarudi nyumbani akaketi kwenye kochi na begi miguuni. Akawasha. Hakungoja hata dakika tano. Kibao kidogo kikajitokeza kwenye kioo: Malkia77 anakualika mtazame pamoja.

Alivaa hedifoni na kubonyeza kukubali. Akatokea muuguzi mwenye aproni ya kijani, ameshika mwanasesere wa plastiki. Mama Pasi akavuta pumzi, maneno yako tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Baba! Leo umewahi. Kliniki hukwenda?"

Sauti ile angeitambua popote. Ilikuwa ya mtoto wake mwenyewe. Mtu mwingine angepiga kelele ya furaha, au angeuliza kuna nini. Mama Pasi alifanya kile alichokuwa anakifanya maisha yake yote mtu akiacha mfuko wazi. Aliguna kwa sauti nzito, kama anavyoguna Breki, "Mh," ili asikie zaidi.

"Umekauka koo, kunywa maji," binti akasema. "Sikia, ile tuliyotazama juzi ya kumfunga shuka imesaidia. Kalala saa tatu mfululizo, Baba, nami nikalala. Lakini hii ya kumcheulisha bado inanishinda. Nikimgusa mgongo naogopa nitamvunja."

"Mh."

"Na usinianze tena habari za kumwambia Mama. Nimesema nitamwambia mwenyewe, na nitamwambia. Si sasa. Wewe unamjua. Hataniuliza mtoto ana kilo ngapi. Ataniuliza baba yake nani, ameondoka lini, nilijua lini kwamba ataondoka, na kwa nini kwenye simu nilisema nimenenepa kwa mikate ya kantini. Atanikagua, Baba. Niko peke yangu humu ndani, nimechoka, mshono unaniuma. Siwezi kukaguliwa. Ndiyo maana nikasema simu tusitumie. Simu yako ni yake. Huku haji."

Kilichomchoma Mama Pasi si kwamba binti amesema uongo. Ni kwamba maswali yale, baba yake nani, ameondoka lini, ulijua lini, yalikuwa yameshajipanga kinywani mwake, kwa mpangilio ule ule. Mtoto wake alikuwa amezaa, amepasuliwa na kushonwa, anamuuliza muuguzi wa kwenye video jinsi ya kushika kichanga, na mama mtu yuko hai, mzima, ana mikono miwili. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona, na hapakuwa na wa kuitupia.

Kule kwa binti kikasikika kilio. Mwanzo kidogo, kisha kikapanda. Mama Pasi alikijua kilio kile kabla hakijafika juu. Ni hewa tumboni, si njaa.

"Ameanza," binti akasema. "Baba, rudisha nyuma kidogo, sikuona anavyomshika. Rudisha basi!"

Mama Pasi hakujua kurudisha. Alibonyeza kitufe cha kwanza alichokiona na muuguzi akapotea kabisa na mwanasesere wake.

"Baba, umefanya nini? Mbona umeitoa? Sasa nifanyeje mimi?" Binti mwenyewe alikuwa anakaribia kulia.

"Achana na video," Mama Pasi akasema. "Mketishe pajani, mgongo wake uelekee kwako. Umwinamishe mbele kidogo."

Kule mtoto akaendelea kulia.

"Mama?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Baba amekwambia?"

"Baba yako hajatamka hata neno. Nimeingia mwenyewe."

"Uko hapo tangu saa ngapi?"

Uongo ulikuwa karibu, tena mtamu. Angeweza kusema nimeketi sasa hivi, sijasikia kitu, na mambo yangekwisha hapo.

"Tangu uliposema umewahi leo," akajibu. "Aliyeguna ni mimi."

Kwenye kona ya televisheni, kando ya lile jina la Malkia77, kulikuwa na kitone cha kijani, na Mama Pasi alikikazia macho akijua kidole kimoja tu kule mbali kinatosha kukizima. Maswali yote yalikuwa mdomoni yanasukumana. Aliyabana. Hakuuliza baba, hakuuliza tarehe, hakuuliza hata kama ni wa kike au wa kiume, na kutouliza kulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Mama," binti akasema, "nimeshamketisha. Mkono wa kushoto niuweke wapi?"