Kikapu cha Makumbi

Mzee Swalehe wa Kibiti alichimba visima miaka thelathini, na mkewe Mwamvua ndiye aliyemzungushia kikapu. Koroboi ikishushwa kisimani ikazimika, walijua chini kuna hewa nzito inayoua. Basi Mwamvua alijaza kikapu makumbi ya nazi yaliyolowa maji ya chokaa, akakishusha, akaisokota kamba na kuiachia. Kikapu kikizunguka kwa kasi, chokaa iliruka matone madogo kila upande, ikaila ile hewa. Kazi hiyo ilimaliza asubuhi nzima.

Mwamvua alifariki mwezi wa Rajabu. Mwezi wa Shaabani, tajiri mmoja akataka achimbiwe kisima cha nyumba yake ya wageni kando ya barabara. Kilipofika chini sana, koroboi ikazimika.

"Mzee, siku hizi soko huria, muda ni mali, vikapu vya nini?" tajiri akacheka. "Chokaa ni chokaa. Mwaga ndoo nzima!"

"Tumwage tu, shemeji," akasema Amri, mdogo wake Mwamvua. "Mzungushaji mwenyewe hatunaye."

Swalehe hakuwa na moyo wa kukigusa kile kikapu. Akamwaga. Chokaa ikaanguka moja kwa moja hadi chini, hewa ikabaki palepale. Amri akashuka, koroboi haikujaribiwa tena. Walipomvuta kwa kamba alikuwa amekwisha kufa.

Mama mkwe, mzazi wa Mwamvua na Amri, hakulia. Akamwuliza Swalehe, "Baba, kikapu mlikizungusha?"

"Hatukukizungusha, mama."

Mama mkwe akaingia ndani, akafunga mlango. Swalehe humpigia hodi kila Ijumaa. Hadi leo hajafunguliwa.