Ushindi Nilioupata Mikumi

Nilikwenda Mikumi kwa sababu ya jina. Kwenye ukumbi wetu wa judo hapa Kilosa wenzangu walikuwa wananiita Kiroba, kwa jinsi ninavyobebwa na kutupwa chini. Nilikuwa na miezi mitano tu ya mazoezi. Nikajiambia nikishinda hata pambano moja kwenye mashindano ya Mikumi, jina litakufa.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi. Njiani ni vumbi tu, na mimi nahesabu vidoleni mafunzo ya kocha. La kwanza kabisa: ukikabwa ukazidiwa, mgonge mwenzako mara mbili, ndiyo kukubali umeshindwa, naye atakuachia.

Mchana nilifika Mikumi. Wageni tuligawanywa kwenye nyumba za wenyeji, mimi nikapelekwa kwa Mama Rehema, jirani na barabara kuu ya malori. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipakulia ubwabwa na maharage. Binti yake Rehema naye alikuwa mshindani. Alinipa kitanda chake, yeye akatandika mkeka.

Jumamosi saa nne majina yalisomwa. Nikapangiwa na Rehema. Tukacheka, tukaingia ulingoni, tukainamiana.

Alinizidi, niseme ukweli. Aliniangusha kwa ubavu, akanikaba kwa kola ya vazi langu mpaka nikaanza kuona giza. Nikamgonga mara mbili ubavuni. Akaachia papo hapo. Refa alikuwa upande wa pili, hakuona, simlaumu. Rehema naye alikosea kidogo, maana tunafundishwa kusubiri sauti ya refa. Lakini aliniamini. Mimi nikageuka nikambana chini, akiwa bado anashangaa, hadi refa akanipa ushindi. Pambano la pili nilitupwa hata jasho halijatoka.

Alasiri nilirudi kuchukua begi. Mama Rehema akauliza nani kashinda.

"Mgeni wako, mama," Rehema akajibu.

"Basi ubwabwa wangu ndio uliokuangusha."

Tukacheka wote. Pale ningeweza kusema. Nikaaga tu.

Rehema alinisindikiza hadi stendi, begi langu kalibeba yeye. Basi lilipowashwa ndipo akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Dada, uligonga, au nilihisi vibaya? Niambie tu. Kama sijui kuhisi, siku moja nitamwumiza mtu, au nitakuwa naachia ovyo."

Nikamwambia sikumbuki.

"Haya dada. Salamu Kilosa."

Jioni nilishuka Kilosa. Jina la Kiroba lilikufa kweli, siku hizi wananiita Bingwa. Nilidhani nimemwibia Rehema pambano tu, kumbe nimemwachia wasiwasi wa mikono yake mwenyewe, na mikono yake haikuwa na kosa. Namba yake sikuchukua.

Tukifanya mazoezi ya kukaba, mwenzangu akinigonga namwachia, halafu namuuliza, "Umegonga?" Ananishangaa, anasema ndiyo. Neno lenyewe fupi hivyo.