Safari ya Samaki

Jirani yangu wa hapa Beechmont, mtaa wa Louisville, ni mama anayefunga maboksi ghalani. Mikono yake imejaa mikwaruzo ya makatoni, na sauti yake ni ya mtu anayeita kuku kutoka mbali. Tangu baridi ianze, akitoka kazini anavaa raba na kuzunguka mtaa mbiombio, hata kwenye theluji, akizoeza miguu kwa ajili ya safari yake ya Dakar. Barabara ya kando ya bahari, soko la samaki, feri ya kwenda kisiwa cha Gorée: anavitaja vyote kama ametumwa kuvichukua.

Kwetu mtu hasafiri kwenda mji, anasafiri kwenda kwa mtu. Ndiyo maana Jumapili, nje ya kanisa, Mama Chimène alimuuliza, "Kule unaenda kwa nani?"

"Siende kwa mutu."

"Kuko matanga? Ao harusi?"

"Bon, sikia. Maisha yangu yote nilisafiri juu ya vita ao juu ya matanga. Hii mara nasafiri juu ya samaki."

Watu walicheka. Yeye alingoja wamalize.

Jana nilimpeleka uwanja wa ndege. Alibeba kijibegi kimoja tu. Sufuria yake kubwa, iliyotoka naye Uvira wakati wa vita, ikapita naye kambi ya wakimbizi mpaka Louisville, sikuiona.

"Mama, na sufuria?"

"Iko ku jiko," alisema, akifunga mkanda wa gari. "Nikirudia, nitakupikia ndani samaki ya Dakar."