Kadi za Bi Sekiya kwa Muosha Vichwa

Kitabu cha katuni cha watu wazima huja dukani kimefungwa plastiki, na hakifunguliwi mpaka ulipe. Mnunuzi hana la kupekua. Anachoweza kusoma ni kadi tu, kipande cha karatasi ngumu kilichosimamishwa mbele ya rafu, kimeandikwa kwa mkono na mtu wa dukani aliyekisoma kwanza. Katika duka la Mzee Orihashi, mji wa ngome kule kaskazini wanakoanza kuzoa theluji mwezi wa kumi na moja, mtu huyo alikuwa Bi Tazuko Sekiya, mjane wa miaka hamsini na tisa. Mwandiko wake watu walikuja kuutazama hata kama hawanunui.

Alikuwa na ulimi mkali. Hadithi moja ya mapenzi aliiandikia, "Inafaa kwa waliokosa usingizi," na wateja wakacheka wakainunua. Lakini mama huyu mpole wa sura, mwenye aproni ya bluu, alichokipenda hasa ni damu: vita vya kale, mapanga, mizimu.

"Bi Sekiya," Mzee Orihashi alizoea kumtania, "siku nikikukosea nitalala na makomeo mawili mlangoni."

"Weka matatu, Mzee."

Ndipo ilipokuja Maji ya Vichwa. Hadithi ni ya zama za mabwana wa vita. Wanawake wa ngomeni wanaletewa vichwa vya maadui, wavioshe, wavichane, wavipake poda na kuvifunga kibandiko cha jina, ili bwana akivikagua aone mashujaa, asione nyama. Hilo kale lilifanyika. La kubuni ni kwamba kichwa kikishapakwa poda hufumbua macho na kumtazama muosha, na yeye peke yake ndiye anayeyaona macho hayo. Mchoraji alijiita Usuzumi, jina la ule wino mwepesi wa kuandikia bahasha za rambirambi. Sura yake haikujulikana.

Juzuu ya tatu Tazuko aliiandikia kadi: "Usiogope. Kikioshwa, kila uso unapendeza." Bi Nezu, wakala wa wachapishaji, aliipiga picha kama alivyopiga kadi zote kila msimu, akaituma Tokyo wachoraji waione. Katika juzuu ya nne muosha vichwa, ambaye hakuwahi kusema neno, akafungua kinywa. "Usiogope," alikiambia kichwa. "Kikioshwa, kila uso unapendeza."

"Umeingia kitabuni!" Mzee Orihashi akapiga kofi mezani. "Omba mgawo, mama!"

Tazuko alifurahi, akagawa keki za maharage matamu. Katika juzuu ya tano maneno ya kadi nyingine yalitoka kwenye kinywa kile kile, na safari hii alicheka kidogo tu.

Ya sita ilifika mwezi wa pili, alasiri, theluji imeziba nusu ya dirisha, dukani hamna mteja. Muosha amepiga magoti mbele ya kichwa cha msichana, cha kwanza cha msichana katika hadithi nzima. Anampaka poda shavuni kwa kidole cha pete, taratibu, mpaka alama nyeusi inafunikwa. Kisha anamwambia: "Ukiulizwa, sema umeteleza kwenye theluji."

Maneno hayo Tazuko hakuyaandika kwenye kadi yoyote. Aliyasema jikoni kwake, asubuhi moja, akimpaka binti yake Chigusa poda shavuni kabla hajaenda shule, kwa kidole hicho hicho. Waliokuwa jikoni ni watatu, na mmoja wao, mumewe Mitsunori, alikuwa na miaka tisa kaburini.

Akazitoa juzuu zote rafuni, akazifungua moja moja juu ya meza. Aliwahi kuandika kwamba mchoraji huyu hana nyuso nyingi. Sasa aliona. Kila kichwa, chenye sharubu au kipara, cha kijana au cha mzee, kilikuwa na sikio la kushoto lililochanika kwa chini, kama lile Mitsunori alilochanwa na ndoana ujanani. Mamia ya Mitsunori, wote wamepakwa poda, wote wamefumbua macho wanamtazama.

Tusimwonee Tazuko huruma upesi. Mitsunori alikuwa katibu wa kamati ya tamasha, mcheshi, kipenzi cha mji, na nyumbani mkono wake ulimshukia mtoto. Tazuko alijua akajitia hamnazo. Funika kombe mwanaharamu apite, hiyo ndiyo ilikuwa siasa yake. Chigusa aliondoka na miaka kumi na minane, hakuandika barua, wala mazishini hakuja. Mjini mama alisema binti yuko Osaka na kazi nzuri, na hakujua hata kama yu hai. Sasa alijua. Yu hai, ndiye Usuzumi, na anasoma kadi zake. Kama kulikuwa na njia ya kumwambia mwanawe neno moja la kweli, ilikuwa ni kipande hicho cha karatasi.

Aliharibu saba. Moja ilisifu michoro. Nyingine ilisema zamani wanawake walikuwa hawana la kufanya. Kila akiisoma aliona ni poda ile ile, akaichana. Ya nane aliiacha:

"Muosha huyu si mtu mwema. Alisikia yote kupitia ukutani. Alikuwa na miguu na hakusimama. Alipaka poda ili yeye apate kulala. Namjua, kwa kuwa ni mimi. Alichochora mtu huyu ni kweli."

Mzee Orihashi aliisoma mara mbili. "Bi Sekiya, hii ni kadi ya kuuzia kitabu."

"Ndiyo."

"Watu wa kamati wanaingia humu. Jeneza la Mitsunori walilibeba wao."

"Basi wasome."

"Watakusema mpaka ukome!"

"Uongo wangu wameula miaka yote, Mzee. Na hili watalimeza."

Akaisimamisha. Wengine walisoma wakatoka bila kununua, na jirani mmoja akaacha kumsalimu. Bi Nezu alishika kamera akasita. "Mama, hii kweli niipeleke?"

"Ipeleke kabla sijajirudi."

Mpunga ukapandwa, ukavunwa, theluji ya kwanza ikaanguka. Haikuja barua. Ilikuja juzuu ya saba, ya mwisho. Bi Nezu aliiweka mezani akaondoka bila kungoja chai.

Karibu na mwisho, muosha anabeba kichwa kisichopakwa kitu mpaka mbele ya bwana na baraza zima, anataja jina la mwenye kichwa na aliyoyatenda. Upanga unashuka. Ukurasa unaofuata, kichwa kilichoko ubaoni ni cha muosha mwenyewe, na uso wake ni wa Tazuko, pamoja na mchirizi wa mvi juu ya sikio. Mvi zile zilimtoka mwaka juzi. Kwa hiyo Chigusa alikwisha kuja dukani. Alisimama hapa, pengine akauliza bei, na mama yake hakumtambua.

"Amekuua," Mzee Orihashi alinong'ona begani kwake.

Tazuko akafunua ukurasa. Mwanamke kijana amepiga magoti, amekunja mikono ya kimono, anakiosha kichwa kile: nyuma ya masikio, kope, pembe za midomo. Kurasa nne hazina neno, ni maji tu. Poda hagusi. Akimaliza anakifuta, anakipakata.

Tazuko alilia kwa sauti, wateja wawili wakamkodolea macho.

"Pole, mama," alisema Mzee Orihashi. "Huu ni ukatili."

"Ananiosha, Mzee," alisema Tazuko. "Miaka kumi na mitano mwanangu hajanigusa."