Kompyuta ya Asiya na Macho ya Kikundi

Asubuhi Asiya alikuwa akibonyeza kitufe cha kompyuta yake, anaenda kufagia mbele ya kibanda, ananunua mandazi, anasalimiana na majirani mpaka habari za mbuzi wao, anarudi, na kompyuta bado inajikuna. Siku nyingine inawaka. Siku nyingine inastaki, inaganda na uso wa buluu, na barua ya mtu iliyokuwa nusu imekwenda na maji. Jamani, hasira aliyokuwa nayo mwanamke huyu kwa lile sanduku! Lingekuwa mume, angekwisha kudai talaka.

Kibanda chake kiko Koboko, mpakani kaskazini mwa Uganda, nyuma ya soko. Anachapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, hati za mauziano ya mashamba ya watu wa Midia kule vijijini. Wateja wakichoka kungoja wanamtania: "Asiya, hii kompyuta ilikuja na babu zenu Wanubi kutoka Sudan?" Naye anacheka meno nje, moyoni moto.

Kwa hiyo zamu yake ya upatu ilipofika, alishukuru Mungu. Kikundi chao ni cha wanawake wa mtaa mmoja, Wanubi, Walugbara, na Odile Mkongomani muuza vitenge. Kina sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga: ukipokea hela, kikao kinachofuata ulete ulichonunua, wenzako wakione kwa macho yao, wapige vigelegele. Odile alileta robota zima la vitenge. Candiru alileta cherehani, akaishona kanga ya mwenyekiti papo hapo. Asiyeleta kitu ameila hela, na aliyekula hela hapewi zamu tena, hata kiberiti jirani hamwazimi. Jina lake limekwisha.

Basi kila mtu akawa fundi wa kompyuta. Kaka yake Sulaiti, ambaye hajui hata kuizima, akasema, "Nunua skrini kubwa, ile bapa. Na spika za kuwaka taa. Mutu akipita barabarani aone."

"Aone nini? Mimi nauza disko?"

Hajati Zuhurah, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa na shauri lake. "Nunua ingine mpya kabisa, mwanangu."

"Hajati, hela ya mpya iko wapi?"

"Basi nunua kitu kikubwa kikubwa."

Kitu kikubwa! Skrini aliyokuwa nayo ilionyesha herufi vizuri tu. Ugonjwa ulikuwa ndani. Na ndani nako aliwahi kuungua. Mwaka uliopita alinunua kipande cha memori kwa kusikia jina tu, kufika nyumbani hakiingii, pengo lake liko upande mwingine, na muuzaji akakataa kukirudisha. Safari hii hakutaka kubahatisha. Alilifunga sanduku zima kwenye kitenge, akalipakata mapajani hadi mjini Arua kama mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Kuluva.

Huko Arua alimwendea Ambroise, Mkongomani anayetengeneza na kuuza vipuri vya kompyuta. Ambroise akalifungua, akapuliza vumbi, akapiga chafya.

"Mama, hii mashine iko muzee, lakini haijakufa. Prosesa tuache. Ubao wake wa zamani haukubali ya sasa, na ukibadilisha ubao utabadilisha yote. Kadi ya picha ya nini? Unacheza gemu?"

"Mimi nachapa barua, fundi. Kaka yangu ndiye anataka spika."

"Basi shida ni diski. Hii inazunguka tangu enzi hizo, imechoka. Tia hii ya SSD, haizunguki. Halafu ongeza memori moja, aina hii hii. Kwisha. Usiende kwako na spika."

Akamwekea ile diski kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko simu yake, nyepesi kama biskuti. Asiya akaigeuza, akaigeuza tena.

"Fundi, hakuna iliyo kubwa kidogo?"

"Kubwa ya nafasi?"

"Kubwa ya kuonekana."

Ambroise akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Asiya hakucheka. Duka la jirani lilikuwa na skrini pana inayong'aa, akatoka akasimama mbele yake, akavisikia vigelegele masikioni kabisa. Hela ya vyote viwili hakuwa nayo. Akaitukana skrini kimoyomoyo, akawatukana na waliobuni vigelegele, akarudi kwa Ambroise. "Funga hivyo vidogo vyako," akasema.

Wallahi, mashine iliamka! Unabonyeza, unavuta kiti, imeshawaka. Asiya alipiga kigelegele peke yake kibandani.

Siku ya kikao alilipeleka sanduku nyumbani kwa Hajati, akafungua ubavu wake. Wanawake wakainama kuchungulia.

"Iko wapi?"

"Hiyo hapo. Na hicho kijani kinachofanana na kitana."

Candiru alianza kigelegele, akaona yuko peke yake, akakimeza. Odile akauliza kwa upole kama labda vingine vimebaki njiani. Asiya akataka kuwasha waone wenyewe, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Mwanangu," Hajati akasema taratibu, "hela ya wanawake wote hawa imeingia humo?"

"Imeingia, Hajati! Njoo kibandani uone kazi yake!"

"Nitakuja. Nikiona, nitawaambia wenzako nilichoona."

Asiya alilala vibaya. Alijua neno la Hajati likitoka, limetoka.

Hajati alifika na kazi kweli, kadi ya harusi ya mjukuu wake Shakira. Akakaa, akaanza kutengeneza mtandio wake vizuri, tayari kwa kungoja kutwa kama zamani. Asiya akachapa, akaweka maua pembeni, printa ikatema. Mtandio ulikuwa bado haujakaa sawa.

Hajati akaisoma kadi mbele, akaigeuza nyuma.

"Kweli, iko haraka. Hela hukuila. Nitawaambia."

"Alhamdulillahi, Hajati."

"Kumbe inawezekana!" Hajati akasimama. "Basi miaka yote ulikuwa unatukalisha hapa makusudi?"

"Hajati, ilikuwa diski—"

"Na bei? Kazi ya kufumba na kufumbua, unadai bei ya kushinda kutwa?" Akaweka nusu mezani, akaondoka na kadi yake.

Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Asiya si mwizi wa upatu, la hasha. Ni mvivu tu, na sasa anaiba bei. Siku zilizofuata hakuna aliyelipa bila kugomba, na mmoja alimwambia wazi, "Dada, hata jasho halijakutoka."

Kisha akaja mzee mmoja na hati ya shamba. Asiya akaimaliza mara moja, akaificha kwenye skrini nyuma ya ukurasa mtupu, akakunja uso, akaanza kugonga herufi zisizo na maana. Akaguna. Akafuta paji la uso. Aliona aibu mpaka masikio yakawa moto, lakini aligonga, akagonga, mpaka mzee akasinzia.

Alipomwamsha na kumpa karatasi yake, mzee alilipa bei yote bila neno, akamtazama kwa huruma.

"Pole kwa kazi ngumu, mwanangu," akamwambia.