Ndimu Niliyompa Mdogo Wangu

Mdogo wangu anashika bendera barabarani. Kuna barabara inawekwa lami upya, nusu imefungwa, na magari yanapita kwa zamu. Akiinua nyekundu yanasimama, akiinua kijani yanapita. Madereva wamembandika jina la Kibendera, likamganda hivyohivyo.

Bendera zenyewe nazishona mimi. Nina cherehani kwenye kibaraza cha nyumba tunayopanga naye, chumba changu kushoto, chake kulia. Mimi ndiye mkubwa, na tangu mama afariki mimi ndiye mwenye majibu humu ndani. Nikiulizwa kitu sipendi kukosa la kusema. Kasoro hiyo ninayo na watu wananiambia.

Kiangazi cha mwaka huu hakikuwa na mzaha. Juu jua, chini lami ya moto, na mdogo wangu katikati kama shati chini ya pasi. Mwezi wake wa pili kazini chunusi zikamtoka, kubwa, zenye usaha, kwenye paji la uso, mashavuni, na kidevuni pale unapopita mkanda wa kofia ngumu. Mtu mwenyewe anajipenda, hapiti kwenye kioo cha gari bila kujiangalia. Sasa akawa anapiga mswaki amekipa kioo mgongo.

Asubuhi moja akaja kibarazani.

"Dada, nifanye nini na uso huu?"

"Kata ndimu ujipake. Mama alikuwa anapaka, uso wake laini kama sahani."

"Nipake saa ngapi?"

"Sasa hivi kabla hujatoka. Ikae usoni siku nzima ifanye kazi."

Ndivyo nilivyosema. Na mama alikuwa akipaka jioni, ndani, kisha ananawa kabla ya kulala. Nilimwona kwa macho yangu miaka yote ile. Lakini nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, nikajibu ili aniondokee.

Alipaka siku tatu. Siku ya nne aliamka uso unawaka moto, na mahali maji ya ndimu yalipochuruzika, kutoka shavuni kwenda shingoni, pametoka malengelenge. Yalipokauka yakaacha michirizi minne myeusi tii. Ukimtazama ungesema amezabwa kofi na mtu mwenye masizi mkononi.

Na madereva wakasema. Wale midomo yao ina breki mbovu kuliko magari yao.

"Kibendera! Shemeji ana mkono mzito, eh?"

"Shemeji gani? Mimi sina mume!"

"Basi jirani!"

Lori zima likacheka. Mdogo wangu, ambaye siku zote huwajibu mpaka wanafunga vioo, siku hiyo aliinua nyekundu akawaacha wasimame mpaka honi zikajaa barabara nzima. Msimamizi wa kazi akamwonya. Kesho yake akaenda amejifunga mtandio uso wote, macho tu nje. Jasho likapikika humo ndani, na chunusi zikazaana.

Nikampeleka zahanati. Nesi alikuwa mama wa umri wangu, kalamu kaichomeka kwenye nywele, hana muda wa kupoteza. Nikampenda kabla hajafungua mdomo. Kisha akaufungua.

"Nani alikwambia upake ndimu ukasimame juani?"

Mdogo wangu akanitupia jicho. Mimi nikasoma bango la chanjo ukutani kama vile nina mtoto mchanga.

"Watu tu," akasema.

"Hao watu wangejipaka wenyewe kwanza. Ndimu ikipigwa na jua inaunguza. Na msidanganyane kwamba ngozi nyeusi haiungui, inaungua." Akamshika kidevu, akamgeuza kushoto na kulia. "Hayo mabaka yatafifia yenyewe, ila ni miezi, na jua lisiyaguse. Nawa kwa sabuni isiyo kali, usisugue, usiminye chunusi. Paka losheni ya kukinga jua asubuhi, mchana upake tena. Na mkorogo usiuguse kabisa. Unachubua ngozi, halafu wewe unarudi nayo juani mbichi."

"Nesi, jua ndiyo kazi yangu."

Nesi akachomoa kalamu, akaandika jina la losheni. Njiani kurudi nilimlipia ile losheni duka la dawa. "Watu tu" ile ilinifuata mpaka nyumbani.

Jumamosi nilibadilisha mashuka. Chini ya godoro lake nikakuta kopo la mkorogo, lile la muuza vipodozi wa pale kituoni, halina hata karatasi ya jina. Nilifungua. Katikati palikuwa na alama ya kidole kimoja.

Nilimngoja mlangoni. Hajavua hata viatu.

"Hii nini?"

"Unaijua."

"Nesi kasema nini? Unataka uso utoke kama ganda la kiazi?"

"Nimejipaka mara moja tu, nyuma ya sikio, kujaribu."

"Lete nikatupe chooni."

Akaninyang'anya kopo mkononi. Hajawahi kuninyang'anya kitu tangu utoto.

"Dada, ndimu ilikuwa yako. Hii ni yangu."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Mimi kuomba radhi sijui. Sikufundishwa shuleni, na shule yenyewe niliishia darasa la saba. Lakini nilimwambia yote: kwamba mama alipaka jioni, kwamba nilijua, kwamba nilijibu bila kufikiri kwa sababu nilikuwa na uzi mdomoni. Nikasema, "Nimekosa, mdogo wangu." Akanitazama kama mtu anayesikia redio ya lugha nyingine. Kisha akaingia chumbani kwake na kopo lake.

Jumatatu saa sita kamili nilifunga cherehani nikaenda barabarani.

"Wewe nani?" msimamizi akaniuliza.

"Mshona bendera zako. Nimekuja kumpokea huyu mpaka saa nane, akae kivulini. Kila siku."

"Mama, hapa si kwenye harusi watu wapokezane ngoma."

"Unataka bendera au unataka sura?"

Akafikiri. Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Nataka bendera. Lori likipita wakati si wake, mtaondoka wote wawili."

Nilivaa koti la kung'aa na kofia ngumu. Mdogo wangu akanionyesha mara mbili namna ya kuinua, akaenda kukaa ubavuni mwa gari la kushindilia lami, penye kivuli, akanawa uso kwa maji ya chupa na kupaka losheni yake.

Jamani. Nilidhani nalijua jua. Joto la lami linapanda ndani ya gauni kama mvuke wa sufuria. Mkono wa kulia una bendera zote mbili, wa kushoto una filimbi, na jasho linaingia machoni. Hazikupita dakika kumi nikajikuta nimejifuta uso. Kwa nini? Kwa bendera! Hakuna kitambaa kingine mkononi. Nikaitazama: moshi wa malori, vumbi, lami. Kitambaa nilichokishona mwenyewe, kinachofuliwa mara moja kwa wiki.

"Wee!" nikamwita. "Unajifutia hii?"

"Sasa nijifutie nini? Lori linisubiri nitafute leso?"

Miezi mitatu uchafu wa barabara nzima unasuguliwa usoni, na mimi nakata ndimu. Jioni ile nilishona vipande vya taulo vya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, sita, abadilishe kila kimoja kinapolowa jasho. Nikashona na pazia la pamba la kuning'inia kwenye kofia, pana, lifunike mashavu na shingo na upepo upite. Madereva sasa wanatuita Kibendera Mkubwa na Kibendera Mdogo. Wa kwanza aliyenitania kuhusu kiuno changu nilimsimamisha mpaka akaomba msamaha.

Wiki ya tatu hii. Chunusi zimeanza kunywea. Mabaka bado yapo, meusi vilevile, na mimi nimebabuka puani, wateja wanalalamika nguo zao zinachelewa.

Jana jioni alikuja kibarazani, akaliweka kopo kwenye meza ya cherehani. Nilifungua kabla hajaniruhusu. Alama ya kidole ilikuwa ileile moja.

"Usilitupe," akasema. "Niwekee. Mvua zikianza kama mabaka hayajafutika, nitakuja kulichukua, na usiniambie neno. Sawa?"

Neno nilikuwa nalo, tena si moja.

"Sawa," nikamwambia.

Lipo kwenye droo, pamoja na sindano. Kila asubuhi anapotoka namshika kidevu, namgeuzia kwenye mwanga, naangalia michirizi minne. Haniulizi naona nini, na mimi sisemi mpaka niwe na hakika.